Uvimbe Unaosikiliza

Heidelberg, 6 Oktoba

Shangazi Askale,

Hujambo? Baba hajambo? Na Tirunesh wa hapo nyumbani, na yule ng'ombe wake mkaidi? Mimi namshukuru Mungu sina baya, kasoro kukukosa wewe. Huku majani yameanza kuanguka na wenzangu wa maabara wamekwisha kutoa makoti kabatini. Nimehamia chumba cha karibu na mto. Jirani yangu ni mama mzee wa Kijerumani anayenigongea ukuta kila nikikaanga vitunguu vya mchuzi. Nami namjibu kwa kuongeza vitunguu.

Sasa lililonifanya nishike kalamu. Tangu mtandao wa huko ukatwe nimekuwa nikipiga simu ya kawaida kila Jumapili. Anapokea Tirunesh. "Shangazi yako yuko kanisani." Jumapili inayofuata, "Amelala." Nyingine tena, "Anafundisha." Tangu lini ukafundisha Jumapili mchana? Nikamuuliza Baba, akasema u mzima kama chuma. Baba hajui kudanganya. Hukohoa kila anapojaribu, na siku hiyo alikohoa sana.

Mwishowe mwanafunzi wako Gebeyehu alipofika Addis alinipigia. Ameniambia ulianguka mbele ya darasa, mwili ukakakamaa, ukatoka povu, na ulipozinduka hukuwatambua. Akaniambia pia kwamba Merigeta Wondifraw, huyo mkuu wa waimbaji wa kanisa lenu, anawaambia watu umepandwa na pepo kwa sababu mwanamke hatakiwi kufundisha kine, mashairi ya kanisani.

Shangazi, huyo si pepo. Mtu wa umri wako ambaye hajawahi kuugua kifafa, akianguka hivyo anapigwa picha ya kichwa. Nenda Addis. Usimwombe mtu ruhusa wala usingoje mavuno yaishe.

Nakubusu magoti.
Fikirte


Debre Markos, Hidar 4 (kwenu ni katikati ya Novemba)

Fikirte, binti wa kaka yangu,

U mzima? Unakula? Sisi Mungu asifiwe tupo, kasoro hamu yako tu. Barua yako imefika imekunjamana kama suruali ya baba yako. Tarehe zako za kizungu usiniletee tena, kwa kalenda yenu iliyotangulia yetu mnanizeesha miaka saba kwa pigo moja. Mvua imekwisha, tefu mashambani imegeuka njano. Ng'ombe wa Tirunesh amezaa ndama mwenye ukaidi uleule. Baba yako hasemezani na jirani kwa ajili ya mpaka ambao wote wawili wamesahau ulipokuwa.

Addis nimekwenda. Usidhani ni kwa sababu umeniamuru. Daktari ni kijana anayevaa viatu vya kukimbilia. Akanionyesha kichwa changu kwenye kioo cha kompyuta, upande wa kushoto, mbele kidogo ya sikio, pamekaa kitu cheupe. Nikamwuliza, "Hiki nini?" Akasema, "Mama, hiki ni uvimbe, na tunautoa wiki hii." Wakanifungua. Walichoweza kutoa wametoa, kilichobaki kimeng'ang'ania mahali wasipothubutu kugusa. Kipande wamekipima na kusema ni saratani ya aina kali. Jina lake ni refu kama treni.

Jina silitaki. Nataka kujua kinaishije, kinakula nini na kitanichukua muda gani. Umesoma huko miaka yote hii na hakuna anayejua unafanya nini. Baba yako huwaambia watu kwamba unatibu panya. Nieleze kama ninavyomweleza mwanafunzi wa mwaka wa kwanza wa kine. Kwanza maana ya juu ambayo kila mtu anaisikia, kisha ile ya ndani.

Merigeta Wondifraw alikuja kuniona na mtungi wa asali. Akasema, "Askale, kichwa cha mwanamke hakikuumbwa kubeba mashairi ya kanisani. Ona, kimepasuka. Nipe wanafunzi wako niwamalizie." Asali nimeipokea. Wanafunzi sikumpa.

Shangazi yako,
Askale Mersha


Heidelberg, 2 Disemba

Shangazi yangu,

Natumaini kidonda kimekauka na unapata usingizi. Mimi mzima. Theluji ya kwanza imeanguka, na yule mama jirani amenipa jozi ya soksi za sufu bila kusema neno; sasa sijui kama tumepatana au anataka nisitembee kwa kishindo.

Umeniuliza, basi nakujibu.

Ubongo una seli za namna nyingi. Zile za neva ndizo zinazofikiri, zinazokumbuka na kuusukuma ulimi. Pembeni yake kuna nyingine zinazozilea, kuzilisha na kuzisafishia. Uvimbe wako umetokana na hizi za ulezi. Seli iliyo salama haikui kwa kutaka kwake, husubiri kuambiwa. Juu ya ngozi yake kuna vipokezi. Ujumbe wa kukua ukifika hushika kipokezi, kipokezi humwamsha jirani yake wa ndani, naye humwamsha mwingine, hadi habari ifike kwenye kiini na seli igawanyike. Kazi ikiisha, ujumbe unazimwa. Katika uvimbe kama wako mara nyingi kipokezi kimekwama. Hakuna aliyetuma kitu, lakini ndani habari inapita tu, kua, kua, kua. Tukiziba njia hiyo kwa dawa, seli zinapita njia nyingine. Tukiziba hiyo, zinayo ya tatu. Ndiyo maana dawa nyingi zilizoanza kwa matumaini zimeishia njiani.

Hiyo ndiyo maana ya juu. Ya ndani ndiyo kazi yangu. Seli za uvimbe hutoa nyuzi nyembamba na kujiunganisha na neva, kama mtu anayetega sikio ukutani. Neva zikizungumza, uvimbe unasikia, na kile unachosikia unakigeuza nguvu ya kukua. Tumeona kwa macho yetu, mahali penye shughuli nyingi za neva uvimbe hukua upesi zaidi.

Sasa unaelewa ninachoogopa. Sijui mtu mwingine ambaye kichwa chake kinafanya kazi kama chako. Kila siku kine mpya, isiyowahi kutungwa na isiyorudiwa, na wanafunzi juu yake. Acha kufundisha, Shangazi. Acha kutunga. Mpe Merigeta hao wanafunzi. Kaa kwenye jua, chambua dengu. Nyamaza, ili na huo uvimbe ukose cha kusikiliza.

Nakuomba kama mwanao.
Fikirte


Debre Markos, Tahsas 20 (mnakaribia mwaka mpya wenu)

Fikirte,

Sisi tupo, nyumba ni nzima, ndama anakua. Baba yako na jirani wamesameheana katika matanga ya mtu, na siku ya pili wakagombana kuhusu marehemu.

Barua yako nimeisoma mara kadhaa. Maelezo ni mazuri. Ungekuwa mwanafunzi wangu ningekusogeza karibu na moto. Ushauri ni mbovu.

Umeandika "tumeona". Mmeona kwa nani? Wako watu walionyamaza wakapona? Wanaitwa nani, wanakaa wapi, wanasemaje sasa baada ya kunyamaza? Mwanafunzi akiniletea neno asilojua limetoka wapi, namrudisha akae chini aanze upya. Nenda kakae chini. Na swali langu la muda umeliruka kama mbuzi anavyoruka mfereji, ulidhani sitaona.

Unasema uvimbe unasikiliza. Nimezoea. Nilipoanza kufundisha, mapadri walikuwa wanatega masikio nyuma ya ua ili wampelekee askofu habari kwamba mwanamke amewaketisha wanaume chini na kuwasahihisha. Sikushusha sauti. Nilichagua maneno magumu zaidi ili wachoke. Na huyu naye kama anakula ninachofikiri, basi ale kitu cha maana. Mimi sitamlisha dengu.

Usinielewe vibaya. Mionzi nimeikubali, nimeandikwa kwenye foleni ya Addis. Vidonge vya kuzuia kifafa nameza, asubuhi na jioni. Nitafanya yote mnayoniambia isipokuwa kunyamaza.

Merigeta amesimama mbele ya baraza la kanisa. Anataka sikukuu ya Kidane Mihret ikifika, Gebeyehu ahojiwe hadharani kabla ya kuvishwa joho la ualimu, na mwenye kumhoji awe mwalimu wake, kwa mdomo, kama ilivyo desturi. Mwalimu akishindwa, shule yangu inafungwa na wanafunzi wanahamia kwake. Baraza limekubali. Merigeta anajua anachokifanya. Wewe hujui, na sikuambii.

Askale


Heidelberg, 19 Januari

Shangazi,

Sijambo, nakula, navaa zile soksi. Leo salamu zangu ni fupi kwa sababu nina mambo mawili makubwa na nikizunguka nitayakimbia.

La kwanza ni panya, Shangazi. Tuliona kwa panya. Baba hakukosea sana. Na tuliona kwa vipande vya uvimbe vilivyotolewa kwa watu, vikiwa ndani ya vyombo vya kioo. Hakuna mtu hata mmoja aliyethibitishwa kuishi zaidi kwa sababu aliacha kufikiri. Ziko dawa za kifafa tunazozijaribu, zinazolenga kukata hayo mazungumzo ya neva na uvimbe, lakini bado hatujui kama zitawasaidia wagonjwa. Ushauri niliokupa haukutoka maabara. Nilikuwa mbele ya hadubini nikitazama zile nyuzi zikijivuta kuelekea neva, nikakuona wewe, nikaogopa, nikaandika.

Na muda. Wengi wenye uvimbe kama huo hawafiki miaka miwili. Wachache wanapita hapo, na hakuna anayejua mapema ni nani. Nililiruka swali kwa sababu sikutaka mkono wangu ndio uliandike.

La pili ni lako. Daktari wa Addis amenitumia picha zako kwa ruhusa ya Baba. Mahali uvimbe ulipobaki napajua. Najua panafanya kazi gani. Hupokei simu tangu Septemba, na sasa mtu anayekuchukia anachagua mtihani wa mdomo. Nimeweka mambo haya pamoja na sipendi ninachokiona. Umenirudisha nikae chini, nimekaa. Sasa zamu yako. Andika ukweli.

Fikirte


Debre Markos, Yekatit 30 (Machi imewaingia)

Fikirte mwanangu,

Mungu akulinde. Tuko ndani ya mfungo mkuu, nyumba nzima inanukia shiro ya unga wa dengu na baba yako analalamika kwamba hata ndoto zake hazina nyama. Mionzi nimeimaliza. Nywele za upande mmoja zimeondoka, nafunga kilemba, nimependeza.

Umechelewa kujibiwa kwa sababu sikutaka kuandika kabla ya mambo kuisha.

Siwezi kusema. Ndiyo hivyo. Ilianza na neno mojamoja kukwama, na baada ya kufunguliwa kichwa yakaondoka karibu yote. Neno nalijua, naliandika kama unavyoona, lakini mdomo unakataa kulibeba. Nikitaka kuomba maji inatoka sauti ya kuku aliyekanyagwa. Yule daktari niliyekuambia nilimwuliza "hiki nini", nilimwandikia kwenye karatasi. Darasani nilikuwa nasahihisha kwa mkono na macho, nao wanafunzi wakaficha siri kama watu wazima. Sikutaka unisikie kwenye simu. Mimi niliyewashinda kwa ulimi wanaume wa wilaya nzima.

Basi, Jumapili ya kwanza ya mfungo nilikuwa ibadani, nimeegemea fimbo. Waimbaji wakaanza, nami kwa mazoea nikafungua kinywa kuwafuata. Ukatoka ubeti mzima. Kila neno mahali pake. Tirunesh alinishika mkono hadi ukauma. Tulipotoka nje nikajaribu kumwambia twende nyumbani, kuku akarudi. Nikajaribu kwa tuni ya wimbo wa ibada. "Twende nyumbani, Tirunesh, miguu inauma." Likatoka safi. Tukapitia sokoni. Muuza vitunguu akaniuliza leo ni sikukuu gani hata naimba. Nikamwimbia kwamba ni sikukuu ya vitunguu vilivyooza, na bei yake.

Sikumwambia mtu mwingine.

Siku ya Kidane Mihret uwanja wa kanisa ulijaa. Wazee wa baraza kwenye mkeka, Gebeyehu amesimama katikati, jasho linamtoka kama anayeposa. Merigeta akainuka na kusema kwa ile sauti yake ya siagi, "Mwalimu Askale amhoji mwanafunzi wake. Kwa mdomo, sote tusikie." Kisha akakaa, akakunja miguu, akaniangalia.

Nilisimama. Nikataka kwanza kujaribu kusema, maana bado nina kiburi. Halikutoka neno. Watu wakaanza kutazama chini kwa aibu yangu. Padri mmoja akanong'ona kwamba mama huyu akalishwe chini jamani. Merigeta akasema, "Tumwonee huruma, ni mgonjwa."

Huruma yake ndiyo iliyonifungua. Nikavuta pumzi na kuimba swali la kwanza.

Gebeyehu alinitazama kama mtu aliyemwona mama yake akipanda farasi. Kisha akajibu, naye akaimba. Nikaimba la pili, gumu zaidi. Merigeta akasimama. "Huu ni utaratibu gani? Mtihani ni mtihani, si ibada."

Aleka Tebeje, yule mzee asiyeona, mkubwa kuliko wote pale, akamwelekezea fimbo. "Wondifraw, kine inaimbwa. Wewe ulipata kuisikia wapi ikisemwa kama bei ya mbuzi? Kaa, unamkatiza mwalimu."

Alikaa. Nikamwambia Gebeyehu atunge papo hapo. Akatunga juu ya mgeni asiyealikwa aliyekaa ukutani, anakula na hashibi, na wenye nyumba wakaamua kuongeza wimbo badala ya kuzima taa. Maana ya ndani unaijua, na nadhani sasa wote waliijua, maana wanawake waliokuwa nyuma walianza kupiga vigelegele kabla hajamaliza. Nilimsahihisha neno moja. Lilikuwa sahihi, ila mwanafunzi asiyesahihishwa anaharibika. Wakamvisha joho.

Merigeta aliondoka kabla ya chakula. Baadaye akarudi kimya kimya, maana kwake hakukupikwa. Tirunesh alimpakulia shiro nyingi. Mimi nilimwimbia karibu.

Sasa nieleze wewe mwenye hadubini, kwa nini naweza kuimba nisichoweza kusema?

Shangazi yako


Heidelberg, 28 Machi

Shangazi,

Barua yako niliisomea kwenye korido ya maabara na mkuu wangu akanikuta nacheka na kulia kwa pamoja. Akauliza kama kuna msiba. Nikamwambia hapana, shangazi yangu amefaulisha mwanafunzi.

Wimbo, kwa tunavyofahamu, hubebwa sana na upande wa kulia wa ubongo, na wako wa kulia ni mzima. Wako wengine waliopoteza usemi wakaweza kuimba. Namna inavyofanyika hasa bado watu wanabishana.

Nimeomba ruhusa ya wiki sita. Mkuu akasema majaribio hayasubiri. Nikasema shangazi yangu naye hasubiri. Akasema nafasi yangu inaweza kupewa mtu mwingine. Nikamwambia aipe, mradi huyo mtu awe anasoma vizuri zile nyuzi. Kisha akasaini.

Nitafika mwishoni mwa Mei. Sikuletei ushauri. Mama jirani amenipa soksi nyingine, ni zako.

Fikirte


Debre Markos, Ginbot 8 (katikati ya Mei)

Fikirte mwanangu,

Sikukuu ya Fasika ilikuwa njema, mfungo umekwisha, tumechinja, baba yako amelala siku nzima kwa kushiba. Karibu nyumbani. Ukija uje na viatu vya matope, mvua imewahi.

Nilirudi Addis kwa picha. Kimekua kidogo. Yule kijana wa viatu vya kukimbilia alikaa karibu nami akashusha sauti. "Mama, unaelewa ninachokuambia?" Nikamwimbia kwamba naelewa, na kwamba asiinamishe kichwa hivyo, ataota nundu. Wauguzi walicheka, yeye akacheka mwishowe. Wanataka kujaribu vidonge vingine. Nimekubali. Wajaribu, nami najaribu.

Juzi amekuja mtu kutoka bonde la mto Abay na binti yake, Yeshiwork. Binti ana macho ya kuuliza. Amejifunza Zaburi zote kwa kusikiliza kaka zake wakifundishwa. Baba yake akaniweka pembeni kwa adabu nyingi. "Mwalimu, kine inachukua miaka. Nimesikia habari zako njiani. Nani atammalizia mwanangu?"

Tirunesh akaanza kunisemea, nikamzuia. Nikamwimbia yule baba taratibu ili asikose neno. Mwulize binti yako kama anaogopa kuanza. Akamwuliza. Binti akasema haogopi. Basi, nikaimba, mwache hapa, urudi nyumbani ukamletee ngozi ya kondoo ya kulalia, nene, maana huku baridi kali na atakaa sana.

Tumeanza asubuhi iliyofuata. Ni mbishi. Kichwa changu hakijapata kufanya kazi hivi tangu ujana.

Ukifika usinitafute kitandani, niulize darasani. Na ukinikosa darasani, mwanangu, usisimame mlangoni ukilia mbele ya wanafunzi. Ingia, keti mahali pangu. Kine huijui, basi wafundishe habari za vipokezi na zile nyuzi, mpaka waelewe vizuri. Yeshiwork atakubishia. Mbishie nawe.

Askale Mersha, mwalimu